Pipa la kulishia bata Ukambani: jinsi ya kulitengeneza, na mahindi yasiyofaa kutiwa ndani yake

Ukisafiri kwa barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, ukishapita Mtito Andei unaanza kuona mapipa ya plastiki ya buluu kwenye maboma. Mengi yanakinga maji ya mvua chini ya mabati. Mara moja moja utaona lililotobolewa upande wa chini na kufungwa vipande vya bomba, kuku na bata wamelizunguka. Hilo ndilo pipa la kulishia, na makala haya yanaeleza namna ya kulitengeneza na kulitumia katika kaunti za Makueni na Kitui. Msomaji wa Mariakani, Samburu au Mackinnon Road anaweza kulifuata vilevile, maana ukame wake na wa Kibwezi hautofautiani sana. Wa Kilifi mjini au Likoni, penye unyevu wa bahari, nina neno lake huko mbele.

Kazi ya pipa ni nyepesi kueleza. Punje hushuka kwa uzito wake, zikajaza kona ya bomba, zikasimama. Ndege akila, nyingine hushuka kuchukua nafasi. Hakuna stima wala betri. Faida yake kubwa ni kwamba nafaka haimwagwi tena chini. Bata hadonoi kama kuku. Yeye huchota kwa mdomo mpana kama kijiko, akakimbilia maji, akarudi na mdomo uliolowa. Ukimlisha ardhini, nusu ya chakula inakuwa tope kabla ya saa nne asubuhi, na jioni panya wanakuja kumalizia.

Wazo lenyewe si la kwetu. Marekani watu husimamisha mapipa ya namna hii juu ya nguzo katikati ya madimbwi kuwavuta bata mwitu, mengine yakiwa na mota ndogo inayorusha mahindi kwa saa zilizopangwa. Na huko huko Marekani sheria inakataza kumpiga risasi bata aliyevutwa kwa nafaka. Habari ya bata mwitu nitairudia mwishoni, kwa sababu huku kwetu ina shida zake.

Kuchagua pipa

Mapipa ya lita 200 yako ya aina mbili. Moja lina mfuniko mpana unaofungwa kwa pete ya chuma. Jingine limezibwa juu, lina matundu mawili madogo tu ya kumiminia. Chukua la kwanza. La pili ni rahisi zaidi kupatikana, lakini mkono hauingii, na pipa usiloweza kulisugua ndani si la kuwekea chakula.

Muulize muuzaji lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kupikia, sharubati au sukari ya maji linafaa. Lililobeba asidi, gundi, dawa ya mimea au kitu asichokijua muuzaji, liache. Kulinusa hakutoshi, kwani plastiki hufyonza kemikali ikaitoa pole pole baadaye, jua likiipasha moto. Angalia kibandiko, kama kimebanduliwa kwa makusudi, hiyo nayo ni habari.

Kabla hujalipa, piga hesabu. Bata mzima hula gramu 150 hadi 200 za nafaka kwa siku, zaidi kidogo ya kuku. Bata 10 basi wanamaliza kama kilo 1.7 kwa siku. Pipa la lita 200 likijazwa mahindi hadi juu linabeba karibu kilo 150. Hizo ni siku karibu 90! Nafaka ya mwisho itakaa humo miezi mitatu, ikipita jua, umande na labda msimu mzima wa mvua. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunanunua pipa kubwa kwa sababu lipo, tunalijaza kwa sababu linajazika. Mwenye bata chini ya 10 atosheke na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko mkavu wa kubana. Inabeba kilo 14 au 15, chakula cha wiki moja na siku mbili kwa bata 10. Mwenye pipa kubwa alitie chakula cha siku 14 tu, yaani kama kilo 24 kwa bata hao 10, na asione aibu kwamba linasikika tupu akiligonga.

Kutoboa na kufunga

Unahitaji kona nne za bomba la plastiki, zile mafundi wa maji huziita elbo, za inchi 4. Za inchi 3 zinamtosha kuku, lakini bata anataka nafasi ya kupeleka mdomo mbele. Kona nne zinatosha ndege 12 bila ugomvi mkubwa.

Simamisha kona juu ya ukuta wa pipa, chora duara kwa kalamu, kiasi cha vidole vitatu kutoka sakafu ya pipa. Kama huna kifaa cha kukata duara, toboa vijitundu kwa keekee kufuata mstari, kisha maliza kwa jino la msumeno wa chuma lililofungwa kitambaa upande wa kushika. Kata ndani kidogo ya mstari. Tundu likibana, unaweza kulipanua kwa kisu. Likilegea, huna la kufanya ila kupaka silikoni nyingi na kuomba. Ingiza kona, mdomo wake wa nje uangalie juu, ziba pembeni kwa silikoni na uiache ikauke siku mbili pipa likiwa wazi, hadi harufu iishe.

Sasa chukua msumari uliopashwa moto, toboa vitundu vitano au sita chini ya kila kona, mahali maji yanapoweza kutuama. Hatua hii haigharimu chochote, nayo watu huiruka. Mdomo wa bata huleta maji kila unapokuja, na bila vitundu hivyo kila kona inageuka kikombe cha uji mchachu.

Ndani ya pipa, sakafu ni bapa, kwa hiyo punje za katikati hazifiki kwenye kona. Zinabaki pale, na juu yake unaongeza mpya, na tena mpya. Fudikiza beseni la plastiki katikati, liweke skrubu mbili, uzibe ukingo wake ili nafaka isipenye chini. Punje zitateleza kuelekea pembeni. Fundi mmoja niliyemwona alimimina mlima mdogo wa saruji badala ya beseni; ni imara, ila pipa linakuwa zito kulihamisha, na kulihamisha utalazimika.

Lipandishe pipa juu ya matofali ili midomo ya kona iwe karibu usawa wa mgongo wa bata. Kama panya wamezidi, tumia nguzo tatu fupi na uzivishe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Juu yake weka paa: nyasi, bati, au makuti kwa wa pwani, lililotokeza hatua moja kila upande. Paa hilo lina kazi mbili, mvua na jua. Pipa la buluu likipigwa na jua la Kibwezi mchana na baridi ya usiku wa kuamkia Julai, linatoa jasho upande wa ndani wa mfuniko, na matone yanarudi juu ya nafaka bila tone la mvua kudondoka.

Maji ya kunywa yaweke hatua tano au sita kutoka hapo. Yasiwe mbali zaidi, kwani bata hawezi kumeza nafaka kavu bila kunywa, na huosha pua zake humo humo.

Tia nafaka nzima au chakula cha vidonge. Unga wa chakula hujishika ndani ya pipa ukafanya daraja, na bata wanakaa na njaa huku juu kumejaa. Mtama hushuka vizuri kuliko vyote, nao ndio zao la eneo hili. Mtama mweupe wa Gadam, ambao wakulima wa Kitui na Makueni huwalimia watengenezaji wa bia, hauna uchungu ule wa mtama mwekundu. Kamwe usitie mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi, wala mahindi uliyoyanyunyizia dawa ya dumuzi majuzi. Na vifaranga wa bata wasilishwe kwenye pipa hili: wanaingia katika kona ya inchi 4 na kushindwa kutoka. Wao wapewe sahani.

Mahindi ya kuwapa bata

Nilipotengeneza pipa langu la kwanza kwa shemeji yangu, si mbali na Makindu, nililijaza hadi juu. Ilikuwa mwezi wa Machi, mavuno yameingia, magunia mawili yalikuwa yamelowa pembeni. Tulichambua, mazuri tukayaweka ya kula. Kwa yale mengine akaniambia, "Shemeji, hayo si ya kutupa, watie bata." Nikatia. Mvua ikanyesha wiki tatu. Nilipofungua chini nilikuta bonge la punje zilizoshikana, kijani kibichi kilichochanganyika na manjano, lina joto ukilishika. Vifaranga saba waliokuwa wakiokota makombo chini ya kona walikufa kwa siku nne. Hatukupima chochote, kwa hiyo siwezi kuapa kilichowaua. Naeleza tu nilichokitia pipani, kwa mkono wangu.

Wilaya hizi mbili zinajua vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia mahindi yenye ukungu yanafanya nini. Mwaka 2004, kuanzia Aprili, watu walianza kufika hospitalini Makueni na Kitui macho yakiwa manjano na matumbo yamevimba. Hadi katikati ya Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Chanzo kilikuwa sumukuvu, au aflatoksini kama inavyotajwa redioni, katika mahindi yaliyovunwa na familia zenyewe na kuwekwa yakiwa na unyevu. Ugonjwa ukarudi mwaka uliofuata. Mahindi ya mvua za Oktoba hadi Desemba huvunwa Februari na Machi, na mvua nyingine inabisha hodi kabla hayajakauka vizuri. Ukame nao hulidhoofisha hindi likiwa bado shambani, ukungu ukaingia hapo. Anayeogopa wezi huvuna mapema na kuyaingiza ndani ya nyumba, yakafukuta.

Watu wamejifunza tangu hapo. Wengi huchambua, na wengi huanika juu ya turubai. KALRO ina kiwanda Katumani, Machakos, kinachotengeneza Aflasafe, ukungu usio na sumu unaotawanywa shambani ili umnyime nafasi ule wenye sumu. Lakini ile desturi ya kwamba punje mbovu ni haki ya kuku na bata haijaondoka, nayo ina mantiki ya mtu maskini: kwa nini nitupe?

Jibu ni kwamba bata ndiye wa mwisho kustahili kupewa. Katika ndege wote wa nyumbani hakuna anayeishindwa sumu hii upesi kama kifaranga wa bata. Kiasi kinachomuua ni chini ya sehemu moja ya kumi ya kile kinachomuua kifaranga wa kuku. Sumu yenyewe iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya njugu kutoka Brazil, na mwaka huo huo, hapa Kenya, vifaranga wa bata wapatao 14,000 walikufa katika shamba moja la Bonde la Ufa kwa chakula chenye njugu zilizooza. Kwa miaka mingi baadaye wanasayansi walipotaka kujua kama shehena ya nafaka ina sumu, walimlisha kifaranga wa bata wa siku moja wakatazama ini lake.

Kifaranga aliyeila huacha kula, hudumaa, huchechemea, na mara nyingi hufa kichwa kikiwa kimepinda nyuma. Bata mkubwa anaweza kuonekana mzima, akataga kidogo, na ini likaharibika taratibu. Halafu mzunguko unarudi kwetu, maana sehemu ndogo ya sumu hubaki katika ini na mayai. Kupika hakuiondoi.

Basi kabla ya kutia nafaka pipani, ipime kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa dakika moja au mbili, uiache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka ina unyevu zaidi ya asilimia 15; irudishe juani. Isiposhika, unaweza kuendelea, ingawa kiwango kinachotakiwa Kenya kwa kuhifadhi mahindi ni asilimia 13.5, kwa hiyo siku moja zaidi ya jua haidhuru. Kipimo hiki kinaonyesha unyevu, si sumu. Nafaka iliyokwisha kuingia sumu ikikaushwa inabaki na sumu, na inaweza kuonekana safi kabisa. Ndiyo maana kuchambua kunasaidia: punje zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu na zilizobadilika rangi ndizo hubeba sumu nyingi. Zifukie kwenye shimo ambalo kuku hawatafukua.

Pipa likimalizika, liache tupu kabisa kabla ya kuongeza. Toa makombo, sugua kwa maji na sabuni, anika mdomo ukiwa wazi siku nzima. Kila asubuhi pitisha mkono katika kona nne na utoe kilicholowa. Kwa mwenzangu wa Likoni au Kilifi mjini, siku 14 nilizozitaja ni nyingi mno. Tia chakula cha wiki moja, na magunia yako yakae katika mifuko isiyopitisha hewa.

Na bata mwitu je?

Wapo wanaouliza kama pipa linaweza kuwekwa kando ya lambo ili kuwavuta bata mwitu. Wanakuja Ukambani, hasa mvua zikijaza malambo: wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi usiku, wenye mdomo mwekundu, na bata bukini wa Misri wanaotembea wawili wawili. Kwenye mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui na Makueni zinayo mengi, utawaona mara chache, kwa kuwa maji yake yamefichwa chini ya mchanga na ndege hana pa kuogelea.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kumuua au kumnasa ndege wa porini bila idhini ni kosa. Hata kanga, ambaye watu wengi humdhania ni kuku tu, kumfuga kunahitaji kibali cha KWS. Anayewavuta kwa mahindi akiwa na jungu akilini ajue hilo.

Anayewapenda tu kuwatazama pia afikirie mara mbili. Januari 2017, ndege wa porini walianza kufa kwa wingi kando ya Ziwa Victoria, Uganda, kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe. Ilikuwa homa ya ndege. Karibu na Masaka ikawapata bata na kuku wa nyumbani, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda. Ndege wa majini huweza kubeba ugonjwa huo, na hata kideri, bila kuonekana wagonjwa. Chombo kimoja cha chakula ndipo mahali rahisi pa kuachiana kinyesi na mate. Pipa liwekwe ndani ya ua, mbali na lambo, na bata wako wafungiwe pipani kwao asubuhi kabla ya kutoka kwenda majini, ili wasiwaalike wageni nyumbani. Ukiona bata mwitu wanatua kwenye pipa, lifunike siku chache, wataondoka wenyewe.

Ndege wakifa ghafla zaidi ya wawili, usiwachinje waliobaki kuwahi nyama. Toa pipa lote la nafaka kwenye matumizi, weka kilo moja pembeni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na uipeleke pamoja na mzoga mmoja uliofungwa vizuri kwa daktari wa mifugo wa wadi. Mwambie ni lini ulijaza, na nafaka ilitoka shamba gani.